Kahawa ya Mara ya Tatu

Katika kijiji kizima cha Ahola, kuanzia kanisani mpaka kule maji ya Ziwa Superior yanapogeuka barafu, hakuna anayejua kusoma uso wa mwanamume kunishinda mimi. Ndiyo maana niliolewa mara mbili, na mara zote mbili nikawa wa mwisho kujua kilichokuwa kikiendelea ndani ya nyumba yangu. Lakini ya Senja Harjala na Arvo Pelkola hata mimi niliyaona, na kama niliyaona mimi, basi na ng'ombe wa jirani yetu Wiitala waliyaona.

Walianza mwaka juzi, gari la Senja lilipoteleza likaingia mtaroni. Arvo alikuja na pikapu yake yenye sepetu kubwa la theluji mbele, akalivuta gari, akafuta kioo kwa mkono wa koti, akasema, "Siku nyingine usikanyage breki." Akaondoka. Kwa mwanamume wa Ahola hayo ni mashairi. Senja alikaa ndani ya gari akitabasamu peke yake mpaka kioo kikajaa theluji tena. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Sisi huku tumejifunza kukohoa ndani ya glovu.

Sasa Jumapili hiyo ninayoisimulia, Senja alikuwa jikoni kwa Bibi Hilja, bibi yake mzaa mama, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Msiniulize nimejuaje yaliyosemwa. Bibi Hilja na mimi tunaazimana sukari.

Senja alikuwa anasuka mkate wa iliki, nyuzi tatu za unga, kama anayesuka nywele za mtoto. Lakini mkono mmoja ulikuwa unavuta kuliko mwenzake, na mkate ulikuwa unapinda.

"Huo mkate umelewa," alisema Bibi Hilja.

"Utanyooka ukiiva."

"Sijaona kilichopinda kikanyooshwa na oveni. Una nini?"

"Sina kitu."

"Basi huyo Sina-kitu aache kunisukia mkate wangu."

Senja alicheka, ingawa hakutaka. Alichokuwa nacho wote wawili walikijua. Saa moja jioni ile, wakati kule China kumekwisha pambazuka Jumatatu, angepigiwa simu na Bi. Luo, mkuu wa shule moja ya msingi katika mji wa Guiyang. Alikuwa anamtaka Senja akafundishe watoto Kiingereza mwaka mzima, na nyumba ya kukaa ingekuwa juu ya shule. Alitaka jibu, ndiyo au hapana. Huku kwetu Senja alikuwa mwalimu wa kushikizwa tu, leo shule hii, kesho ile, akisubiri mwalimu mwenye kazi yake apate mafua. Mtu hawezi kuzeeka akiombea wenzake mafua.

"Hiyo China iko mbali kiasi gani?" aliuliza Bibi Hilja.

"Nilikuonyesha kwenye ramani, Bibi."

"Ramani ni karatasi. Nieleze kama mtu."

"Ukitoka hapa ukaenda mpaka daraja la Mackinac..."

"Hapo tayari ni mbali."

"...halafu ukaendelea."

Bibi Hilja alivuta kiti akakaa. "Mimi si wa kumzuia mtu," alisema. "Nenda, mjukuu wangu. Mimi nitakaa hapa na paa langu mpaka theluji iliangushe. Watanikuta mwezi wa tano ikiyeyuka."

"Bibi."

"Si nimesema nenda? Au sikusema nenda?"

"Umesema nenda kama mtu anayesoma tangazo la msiba."

"Ndiyo sauti niliyo nayo." Alipangusa meza ambayo ilikuwa safi. "Na hao watu walikuulizaje? Walikuandikia tu, kama watu wa kodi?"

"Hapana. Bi. Luo alinipigia, tukaonana kwenye simu. Akasema, tungependa uje kwetu. Nikamwambia nashukuru, lakini wako walimu wazuri kuliko mimi."

"Vizuri."

"Akasema, hapana, tunakutaka wewe. Nikamwambia nitawasumbua, sijui hata neno moja la kwenu."

"Vizuri sana."

"Akacheka kidogo, akasema, wewe njoo tu. Ndipo nikasema basi, nitafikiri."

Bibi Hilja aliacha kupangusa. Maana kwetu, anayekubali kitu mara ya kwanza ni mlafi, na anayekubali mara ya pili ana haraka. Mtu aliyelelewa husubiri aulizwe mara ya tatu, hata kama njaa inamtoboa.

"Mara tatu?" aliuliza.

"Mara tatu."

"Huyo mama hana ndugu huku kweli?"

"Bibi, ni Mchina."

"Nauliza tu. Adabu ya namna hiyo haiokotwi njiani." Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama asiyetaka kusikiwa hata na meza, "Na Arvo? Yeye ulimwuliza?"

Senja aliubamiza mkate kwenye trei. "Nilimwuliza. Jumapili iliyopita, ndani ya pikapu yake. Nilimwambia, Arvo, twende wote."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Aa, mimi tena? Usijisumbue na mimi.'" Akajifanya anatafuta brashi ya kupakia mayai. "Nimelala na maneno hayo wiki nzima. Usijisumbue. Kama vile nilikuwa namwomba anisaidie kubeba kabati. Na jana Jumamosi hata kuoga kwenye banda letu la mvuke hakuja, na wewe unajua hajakosa Jumamosi hata moja."

Brashi ilikuwa mkononi mwake. Bibi Hilja hakumwambia.

"Ulimwuliza tena?" aliuliza Bibi Hilja.

"Nimwulize tena ya nini? Mtu akisema hapana, ni hapana. Chuoni tulifundishwa hivyo, kumsumbua mtu aliyekwisha kataa si heshima."

Bibi Hilja alifumbua mdomo, akaufumba. Nimeishi jirani na mdomo ule miaka mingi, na ninajua unavyopata taabu kujifunga. Alimtazama mjukuu wake, shingo nyembamba, unga kwenye nyusi, na akajua jambo ambalo msichana hakulijua. Akajua pia kwamba akilisema, jikoni kwake kutakuwa na kikombe kimoja tu kila asubuhi. Akanyanyuka akaenda kuweka birika la kahawa kwenye jiko la kuni.

Nje pikapu iliunguruma, ikazimika.

"Amekuja kukwangua paa," alisema Bibi Hilja bila kugeuka.

"Nimesikia."

"Hukuuliza ni nani."

Senja alikuwa amekwisha fika dirishani.

Arvo Pelkola alikuwa mwanamume mrefu, mzito wa kusema, mwenye masikio yaliyokuwa yakigeuka mekundu kwa baridi, na kwa mambo mengine. Alisimama katikati ya ua, theluji ikimfika magotini, akinyoosha reki ya mpini mrefu mpaka juu ya paa na kuivuta taratibu. Theluji ilikuwa inaanguka vipande vikubwa kama magodoro. Kila kipande kikianguka alikuwa anatupa jicho dirishani, na kila akitupa jicho Senja alikuwa anajifanya anaangalia hali ya hewa.

Mwishowe Senja alivaa buti akatoka.

"Utaivunja miti ya Bibi ya matunda," alisema. Ndiyo salamu Arvo aliyoipata.

"Naipitishia pembeni."

"Jana hukuja kuoga."

"Theluji ilikuwa nyingi. Barabara ya Wiitala ilikuwa imeziba."

"Wiitala amehamia kwa binti yake tangu Krismasi."

Arvo aliitazama reki kama vile ndiyo iliyosema. "Ng'ombe bado wako," alisema.

Wakasimama hivyo. Pumzi zao zilikuwa zinatoka nyeupe, zinakutana katikati, zinachanganyika, wakati wenyewe hata hatua moja hawajasogea. Senja aliona kipande cha barafu kwenye kope za Arvo, na mkono wake ukainuka wenyewe kwenda kukiondoa. Akaurudisha mfukoni kwa nguvu.

"Atapiga simu saa moja," alisema.

"Najua."

"Nimwambie nini?"

"Kazi ni yako, Senja."

"Sikuulizi kazi ni ya nani."

Arvo alivuta kipande kingine. Kilianguka kwa kishindo kati yao. "Umeitaka kazi kama hii tangu nikujue," alisema. "Ukiwaeleza watoto kitu, hata mimi niliye nje ya dirisha nikisukuma theluji ya shule nazima mashine nisikilize. Nikikuambia baki, utabaki, halafu baada ya miaka kumi utakuwa unanitazama kama ng'ombe anavyotazama ua uliomfungia. Siwezi."

"Kwa hiyo unaniambia niende."

"Nakuambia paa la Bibi usilifikirie. Nitalikwangua mimi."

Alidhani amempa zawadi, maskini. Hakika alikuwa amekesha wiki nzima akiitafuta zawadi ile. Lakini Senja alisikia mlango unafungwa. Alisikia mwanamume aliyekwisha panga maisha bila yeye, na paa likiwa limo kwenye mipango.

"Asante," alisema, na machozi yaliyomtoka yalimwunguza shavu kwa baridi. "Umefikiria kila kitu. Paa limepata bahati."

"Senja, nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Ingia unywe kahawa, Bibi ameshaweka."

Akageuka haraka. Moyoni, kati ya mlango na kiti, aliamua mara mbili. Kwanza aliamua kwenda, ili amwonyeshe. Alipovua buti la kwanza akaamua kubaki, kwa sababu alisikia miguu ya Arvo ikipigwapigwa kizingitini kuondoa theluji, na hakuweza kukumbuka alivyokuwa akiishi kabla ya sauti ile. Buti la pili lilimkuta hana uamuzi wowote.

Meza ilikuwa tayari: vikombe vitatu, mkate wa iliki wa juzi uliokuwa umenyooka, siagi, na kile kipande cha jibini nyeupe kinacholia kwenye meno. Arvo aliketi mahali pake pa siku zote, akaweka mikono mikubwa juu ya magoti. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Bibi Hilja alikuja na birika, moshi ukimzunguka.

"Kahawa, Arvo?"

"Aa, usijisumbue, Bibi. Nimekunywa nyumbani."

"Haya," alisema Bibi Hilja. Akalirudisha birika juu ya jiko, akarudi akaketi.

Katika nyumba ile, na katika nyumba zote za Ahola nilizowahi kukanyaga, jambo kama hilo halijapata kutokea. Arvo alitazama birika. Akatazama kikombe chake. Akalitazama birika tena, na uso wake ukawa wa mtu aliyeshuka stesheni kununua karanga akaliona treni linaondoka. Angeweza kufa pale pale kwa kiu, na kanisani tungemsifu kwa adabu yake.

"Bibi," alinong'ona Senja.

"Abee."

"Mwulize tena."

"Nimwulize tena ya nini? Amesema hapana." Bibi Hilja alichukua kipande cha jibini akakitafuna polepole, jibini likilia. "Mtu akisema hapana, ni hapana. Kumsumbua aliyekwisha kataa si heshima. Siku hizi wanafundisha mpaka vyuoni."

"Lakini Bibi, unajua kabisa kwamba anaitaka. Anasubiri tu um..."

Hapo Senja akakwama.

Alimtazama Arvo. Arvo alikuwa anaitazama siagi. Masikio yake yalikuwa yameanza kuwa mekundu, na kwa kuwa sasa yalikuwa ndani ya nyumba, karibu na jiko la kuni, baridi haikuwa na kesi ya kujibu.

Wiki nzima. Alimwuliza mara moja, ndani ya pikapu, na yeye akajibu kama alivyolelewa, kama mama yake na baba yake na kijiji kizima walivyomfundisha. Kisha akasubiri. Alisubiri Jumatatu na Jumanne na siku zote zilizofuata, na kila siku ambayo hakuulizwa tena aliambiwa, kwa lugha ya kwao, kwamba mwito ule ulikuwa wa mdomoni tu. Hata kwenye banda la mvuke hakuthubutu kuja, kwa aibu ya mtu aliyedhani anakaribishwa kumbe anasalimiwa tu. Na yule mjinga aliyeacha kuuliza alikuwa ni yeye Senja, na cheti chake cha ualimu.

Alimgeukia bibi yake. Bibi Hilja alikuwa amegeuza uso dirishani, kwenye lundo la theluji iliyotoka paani, na kidevu chake kilikuwa hakitulii. Lakini kwa kichwa aliitikia, mara moja, kidogo tu.

"Paa lilikuwepo kabla yenu," alisema kwa dirisha.

Senja alisogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa ya Arvo.

"Arvo. Twende wote Guiyang."

"Aa, mimi huko nitakuwa mzigo," alisema Arvo, na sauti ilikuwa inatetemeka kama kamba iliyobeba kitu kizito. "Theluji yenyewe huko hakuna ya maana. Nitafanya nini?"

Hiyo ilikuwa ya pili. Bibi Hilja aliacha kutafuna.

Senja aliichukua mikono yake, ile iliyokufa ganzi, akaifunika kwa yake yenye unga. Alimtazama, na safari hii hakuangalia hali ya hewa.

"Utakuwa unanisubiri nitoke shule," alisema. "Utakuwa unatengeneza kila kitu kilichoharibika katika mtaa mzima bila kuombwa, kama unavyofanya hapa, mpaka watu wanipende kwa ajili yako. Utakuwa unaniambia nisikanyage breki. Twende wote, Arvo. Nakuuliza mara ya tatu, na ya nne siiwezi, maana nitakuwa nalia."

Alikuwa amekwisha anza kulia.

Arvo alivuta pumzi iliyotoka mbali, toka Jumapili iliyopita.

"Basi," alisema. "Kama nafasi ipo. Na kama kweli si usumbufu."

"Si usumbufu."

"Basi nitakuja."

Senja aliweka paji la uso begani kwake, kwenye koti lenye harufu ya dizeli na theluji, akakaa hapo. Mkono wa Arvo ulizunguka mgongo wake taratibu, kama mtu anayebeba mayai. Bibi Hilja alipenga kamasi kwa kishindo na kusema kwamba moshi wa jiko umezidi.

"Bi. Luo akipiga nitamwambia ndiyo," alisema Senja koti likiwa mdomoni. "Nitamwambia tunakuja wawili." Halafu akainua kichwa, macho yamelowa, mdomo umeanza uchokozi. "Kwa hiyo wiki nzima ulikuwa unaliwaza jambo hili."

"Nani, mimi?" Arvo aliangalia mezani. "Sijaliwaza hata kidogo."

"Hata kidogo?"

"Nitawaza saa ngapi, na theluji yote hii? Nimelisikia sasa hivi tu. Hiyo Guiyang yenyewe sijui iko upande gani."

"Vizuri," alisema Bibi Hilja, akifuta macho kwa pindo la aproni. "Basi msiende mbio. Mtaondoka kama wachumba, mtakaa huko mwaka wenu, mkirudi tutafanya harusi ya kueleweka, kiangazi, watu wapate kuketi nje."

"Haiwezekani, Bibi," alisema Arvo. "Mchumba hawampi ruhusa ya kukaa. Wanataka cheti cha ndoa, kigongwe kwanza muhuri wa jimbo kule Lansing, ndipo maombi yaende kwenye ubalozi mdogo wa China kule Chicago. Na kule kwenye shule za Guiyang muhula unaanza mwezi wa tisa, kwa hiyo ndoa lazima iwe kabla ya..."

Akauuma mdomo, lakini alikuwa amechelewa.

Gogo lilipasuka ndani ya jiko la kuni. Senja alikuwa anamtazama kwa macho ambayo mwanamume akitazamwa nayo mara moja hatafuti mengine. Bibi Hilja alikuwa amekunja mikono juu ya kifua.

"Kabla ya nini?" aliuliza Senja kwa upole.

Masikio ya Arvo yalikuwa yanaweza kuwasha nyumba. Ili apate mahali pa kuficha uso, alinyakua kikombe chake, akakiinua, akapiga funda refu, akameza, akapangusa mdomo kwa mkono.

"Kahawa imekolea?" aliuliza Bibi Hilja.

"Nzuri sana, Bibi. Asante."

"Arvo, mwanangu," alisema Bibi Hilja, "humo sijamimina hata tone."